Nyota za Mama, Dawa za Baba

Ndugu wasikilizaji, nasema na ninyi wa Misisi mliorudi kutoka mashimo ya dhahabu, ninyi wa Lulimba, Lubichako na Nyange, ninyi wa Fizi na wa Baraka kando ya ziwa, hapa kwetu Kivu Kusini, mashariki ya Kongo. Akina mama mliofunga meza sokoni, wazee wetu, vijana mnaosikiliza redio kwenye simu: karibuni tuketi pamoja.

Leo nataka tuzungumze juu ya neno ambalo wengi wetu tunalisema bila kulipima. Tunasema mambo ya nyota ni mambo ya wanawake. Mwanamke ndiye anayekwenda kwa mwalimu kuangaliziwa nyota kabla binti yake hajaolewa. Msichana ndiye anayesoma kwenye simu kwamba mtu wa Nge hapatani na mtu wa Simba. Mama ndiye anayewahi alfajiri kwenye chumba cha maombi ili nabii amfunulie mwaka huu una nini. Mwanaume, tunasema, ni mtu wa kazi, hana haja ya kuulizia kesho yake kwa mtu. Mimi nasema neno hilo si kweli. Tena nasema limewaumiza wanawake wa nchi hii, na linaendelea kuwaumiza. Nisikilizeni kwanza, kisha mtahukumu wenyewe.

Tuanze kwa kutenda haki. Neno hilo halikutoka hewani. Mwishoni mwa mwaka 2017, taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza watu wa Marekani kama wanaamini unajimu. Katika kila wanawake 100, wanawake 37 walijibu ndiyo. Katika kila wanaume 100, walikuwa 20. Karibu mara mbili. Kwa hiyo anayesema wanawake wanapenda nyota kuliko wanaume ana hesabu ya kuonyesha, angalau kwa huko.

Lakini tazameni swali lililoulizwa. Swali hilo lilihusu nyota peke yake, nyota zile za Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa na nyinginezo mpaka Samaki. Njia za kutafuta kuijua kesho ni nyingi, na swali hilo liligusa moja tu. Wangeulizwa watu juu ya hirizi ya vitani, miiko ya shimo, mganga wa timu ya mpira, au yule anayetafuta ndoto ya kumpa namba za kubeti, sijui kama wanaume wangebaki 20.

Tena, hata hiyo njia moja haikuwa ya wanawake tangu mwanzo. Mwaka 762, khalifa al-Mansur alipotaka kujenga mji wa Baghdad, aliwaita wanajimu wamchagulie siku njema ya kuweka msingi. Waliomchagulia ni wanaume, Nawbakht na Mashallah, na aliyeitii hesabu yao ni mwanaume mwenye jeshi na hazina. Huko Ulaya, mwaka 1608, Johannes Kepler, mtaalamu yuleyule aliyetuonyesha njia ambazo sayari hupita kulizunguka jua, alimpigia hesabu ya nyota kijana aliyeitwa Wallenstein, ambaye baadaye alikuwa jemadari mkuu wa majeshi ya kaisari. Wakati nyota zilipokuwa elimu ya ikulu, zikiamua siku ya vita na siku ya kuvikwa taji, hakuna aliyesema ni mambo ya wanawake. Zilikuwa siri za wakubwa.

Mabadiliko yaliletwa na magazeti. Mwezi Agosti 1930, gazeti la Sunday Express la London lilimpa mnajimu R. H. Naylor nafasi ya kuandika juu ya nyota ya mtoto wa kifalme, Margaret, aliyekuwa amezaliwa siku chache tu. Wasomaji walipenda, makala yakaendelea, na magazeti mengine yakaiga. Ili msomaji yeyote apate neno lake, hesabu ilirahisishwa: ukijua tu tarehe yako ya kuzaliwa, unajua nyota yako. Kisha biashara hiyo ikakaa vizuri kwenye majarida ya wanawake, katikati ya mapishi na mitindo ya nguo. Mwanamke aliwekewa nyota mezani kila wiki, halafu akachekwa kwa kuzisoma.

Na wakubwa je, waliacha? Hawakuacha, walijificha. Rais Ronald Reagan wa Marekani alipigwa risasi tarehe 30 Machi 1981 akapona. Baada ya hapo mke wake, mama Nancy, alikuwa akimpigia simu mnajimu wa San Francisco, Joan Quigley, na safari na mikutano ya rais ikawa inapangwa kwa siku zilizoitwa njema. Dunia ilijua mwaka 1988, pale Donald Regan, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya rais, alipoandika kitabu. Watu walimcheka mama Nancy. Lakini ratiba iliyopangwa kwa nyota ilikuwa ya mwanaume mwenye madaraka makubwa kuliko wote duniani. Na ninyi mnaofuatilia mambo ya Ufaransa mnajua kwamba Rais François Mitterrand naye alikuwa akimpokea mnajimu Élisabeth Teissier na kumwuliza mambo.

Sasa tuje kwetu, kwenye lugha yetu na ziwa letu. Elimu ya nyota ilifika huku pamoja na Kiswahili, kwa njia za misafara, kutoka pwani hadi Ujiji, na kutoka Ujiji kuvuka maji mpaka upande wetu na Maniema. Walimu wa pwani wana kitabu kinachotajwa kwa jina la Abu Ma'shar, mnajimu wa Baghdad aliyefariki mwaka 886. Ngoja niwaonyeshe hesabu inavyopigwa, maana wengi wameketi mbele ya mwalimu lakini hawakuelezwa anachofanya.

Kila herufi ya Kiarabu ina namba yake. Mwalimu anachukua jina lako na jina la mama yako, anajumlisha namba za herufi zote, kisha anatoa 12, anatoa 12 tena, mpaka ibaki namba ndogo. Hiyo iliyobaki ndiyo nyota yako. Tuseme kijana anaitwa Ali. Herufi za Ali ni 70, 30 na 10, jumla 110. Mama yake anaitwa Mariamu: 40, 200, 10 na 40, jumla 290. Ukiziweka pamoja unapata 400. Toa 12 mara 33, zinabaki 4. Nyota ya nne ni Saratani, yaani Kaa. Ali huyu ni wa Kaa, na mwalimu atamwambia tabia yake, siku yake njema na mke anayemfaa.

Sasa mlete Ali mwingine, aliyezaliwa usiku uleule, kijiji kilekile, lakini mama yake ni Fatuma. Fatuma kwa herufi za Kiarabu ni 135. Ongeza 110 za Ali, unapata 245. Toa 12 mara 20, zinabaki 5. Nyota ya tano ni Asadi, yaani Simba. Vijana wawili waliozaliwa chini ya anga moja, saa moja, wana nyota mbili tofauti. Mwalimu hakuinua macho kutazama mbingu hata mara moja. Alitazama karatasi.

Kuna mambo mawili katika hesabu hiyo ambayo nataka mkae nayo. La kwanza, jina linalotumika ni la mama, halikuulizwa la baba. Sababu walimu wanaitoa bila kuficha: mama ana uhakika. Mwanaume shujaa, mwenye mali, mwenye wake wanne, akitaka kuijua kesho yake anaingia kupitia jina la mwanamke aliyemzaa. La pili, tazama nani ameketi upande upi wa mkeka. Mara nyingi mwenye kitabu ni mwanaume, na mara nyingi anayeulizia na kulipa ni mwanamke. Basi tunawezaje kusema kwamba nyota ni mambo ya wanawake, wakati anayezishika, anayezitafsiri na anayekula kwazo ni mwanaume?

Ng'ambo ya ziwa mfano mkubwa ni marehemu Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwezi Mei 2011. Utabiri wake ulisomwa Afrika Mashariki yote. Kuelekea uchaguzi wa Tanzania wa 2010 alitabiri kwamba mwanachama wa chama cha CCM atakayejitokeza kumpinga Rais Kikwete ndani ya chama angekufa ghafla. Neno hilo lilizua mabishano makali, na waliobishana walikuwa wanasiasa na wahariri, watu wa siasa, si wasichana wanaotafuta wachumba. Mnajimu mwanaume, habari za wanaume, wasikilizaji wanaume. Siku hiyo hakuna aliyesema ni mambo ya wanawake.

Wasikilizaji, hata hivyo sina haja ya kwenda Dar es Salaam wala Washington. Milima yetu hii ya Fizi ina ushahidi wake, na wazee wanaonisikiliza jioni hii wanaukumbuka.

Miaka ya 1964 na 1965, wakati wa vita ya waasi wa Simba, vijana wetu waliingia vitani wakiwa wamenyunyiziwa dawa. Dawa ile ilikuwa na masharti. Usimguse mwanamke. Usiguse kitu kisicho chako. Usiogope. Ukishika masharti, risasi haikupati. Ukivunja, umejiua mwenyewe. Walioiamini dawa hiyo walikuwa wanaume, tena wanaume waliosimama mbele ya bunduki za mashine. Ni kweli kwamba kulikuwa na mama mmoja mwenye sifa kubwa kwa dawa hiyo, Mama Onema. Lakini waliokuja kwake kutafuta uhakika wa kesho yao walikuwa askari.

Mwezi Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, kuja kuwasaidia waasi hao, akashuka Kibamba, upande wetu. Alikaa mpaka Novemba, na aliandika kumbukumbu za miezi hiyo. Mwishoni mwa Juni wapiganaji waliishambulia ngome ya Bendera, penye mtambo wa umeme wa mto Kiyimbi, wakashindwa vibaya. Baada ya hapo watu walitafuta sababu. Makamanda hawakusema mpango ulikuwa mbaya, wala kwamba adui alikuwa na silaha na mahandaki. Walisema dawa haikuwa nzuri. Mganga alipoulizwa alijitetea: kuna waliogusa wanawake, na kuna walioogopa. Guevara aliandika kwamba pale hapakuwa na wanawake, na si wote waliokuwa tayari kukiri woga. Mganga akaondolewa, akatafutwa mwingine.

Naomba tusimame hapo kidogo. Uwanja wa vita hauna mwanamke hata mmoja. Wanaume wamepanga, wanaume wamepigana, wanaume wameshindwa. Na bado neno la kwanza la kujitetea ni kwamba mwanamke ndiye aliyeharibu. Hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha jioni hii. Imani tunazo wote, mume na mke. Lakini zikifanya kazi, sifa inakwenda kwa mwanaume, na zikishindwa, lawama inamtafuta mwanamke hata kama hayupo.

Msiniambie hayo yalikuwa ya vita, yamepita. Twende mashimoni. Katika machimbo mengi ya mashariki ya Kongo, na ninyi wa Misisi mnajua ninachosema, mwanamke haruhusiwi kushuka shimoni. Mahali pengine hata kusogea karibu na mdomo wa shimo hawezi. Mwanamke aliye kwenye siku zake, wanasema, akipita karibu, mshipa wa dhahabu unakatika, mawe yanakuwa matupu. Mchimbaji aliyelala na mwanamke jana asishuke leo. Mwenye shimo, tunayemwita PDG, ana mtu wake wa kumwuliza kabla ya kufungua shimo jipya, na ana kitu chake cha kutoa kabla ya mshipa kuonekana. Hizo zote ni njia za kutaka kuijua kesho na kuishika, na watu wake ni wanaume wenye misuli, wanaoshuka gizani na tochi kichwani.

Sasa tumtazame mama wa machimboni. Jiwe limepanda juu kwenye mfuko. Wanaume wamegawana. Yeye anapewa kazi ya kutwanga. Ameketi chini, miguu imenyooshwa, kinu cha chuma kati ya magoti, na mchi wa chuma unapanda na kushuka tangu asubuhi. Vumbi jeupe limekaa kwenye nyusi zake, kwenye kitenge, kwenye mdomo wa mtoto aliyelala mgongoni. Unga ule wa mawe unakwenda kuoshwa kwenye maji, na dhahabu inabaki kwa mwenye nayo. Mama huyu hupata kidogo kuliko wote waliogusa jiwe lile. Hakuchimba, maana amekatazwa. Hana hisa ya shimo, maana ukikatazwa kukaribia shimo utakuwaje mshirika wa shimo? Na mshipa ukipotea, jina lake ndilo linalotajwa.

Ndugu zangu wachimbaji, ninawaheshimu. Mnajilisha na mnalisha nyumba nyingi kwa kazi ya hatari. Kwa sababu ninawaheshimu nawaambia wazi: aliyeua watu mashimoni si mwanamke. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia kwenye mashimo, udongo ukaporomoka. Watu wapatao 50 walihofiwa kufa siku ile, vijana wengi. Kilichowaua ni maji na udongo usioshikiliwa. Mshipa wa dhahabu nao hukatika kwa sababu mwamba umepasuka na kusogea tangu zamani, kabla ya mtu wa kwanza kukanyaga milima hii. Ukiamini kwamba hatari inatoka kwa mama anayepita njiani na ndoo yake, hutaitazama miti inayoshikilia dari ya shimo. Utafukuza mama, utashuka, na dari itakuwa vilevile.

Sasa mtaniuliza: kama wote tunatafuta, mbona wanawake wanaonekana zaidi kwa mwalimu na kwenye vyumba vya maombi? Swali zuri. Bronisław Malinowski, mtafiti aliyekaa visiwa vya Trobriand, kule Pasifiki, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, aliona jambo kwa wavuvi wa huko. Waliovua kwenye maji yaliyotulia karibu na nyumbani, ambako samaki hupatikana kwa ujuzi, hawakuwa na uganga wowote wa kuvua. Waliotoka bahari kuu, ambako kuna hatari na hakuna uhakika, walikuwa na uganga mwingi. Watu walewale, imani ileile. Kilichobadilika ni kiasi cha mambo yasiyo mikononi mwao.

Hata kwenye ziwa letu tunaliona. Mvuvi wa Baraka anajua kwamba ndagala hufuata taa, na kwamba mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, basi anapumzika siku hizo na kushona nyavu. Mama anayenunua ndagala na kuanika anajua hesabu hiyohiyo ya mwezi: anajua lini bei itapanda na lini aweke akiba. Hapo wote wawili wanatazama angani, mwanaume na mwanamke, na hakuna anayemcheka mwenzake, kwa sababu mwezi unaonekana na hesabu yake haidanganyi. Uganga unaanza pale ujuzi unapoishia: dhoruba ya usiku, mshipa usioonekana, vita.

Basi jiulizeni: katika maisha ya mwanamke wa Misisi, ni mambo gani hayako mikononi mwake? Mume amekwenda shimo jipya mbali, atarudi au ameoa huko? Mahari ya binti, nani ataamua? Mtoto ana homa, na hospitali iko mbali na njia ina vizuizi. Usiku milio ya risasi imesikika, tukimbilie wapi? Mwanaume mwenye shaka ana pa kuipeleka shaka yake na pa kuitendea kazi: ana mkutano wa wazee, ana ushirika wa wachimbaji, ana silaha kama ni mpiganaji, ana pesa kama ni mwenye shimo. Mwanamke mara nyingi ana sikio moja tu la kumsikiliza, nalo ni la mwalimu au la nabii. Tukimwona pale tunasema ni mwepesi wa kuamini. Mimi ninaona mwanamke aliyefungiwa milango mingine. Afunguliwe milango hiyo kwanza, ndipo tuhesabu upya nani anapenda nyota.

Na kusema hivyo si kusema kwamba nyota zinasema kweli. Sitaki mtu atoke hapa akidhani nawatuma kwa mnajimu. Mwaka 1985 jarida la sayansi la Nature lilichapisha jaribio la Mmarekani Shawn Carlson. Wanajimu wenye sifa walipewa hesabu ya nyota ya mtu, na maelezo matatu ya tabia, moja likiwa la mtu huyo kweli. Walitakiwa kuchagua lililo lake. Walipata kwa kiasi kilekile ambacho angepata mtu anayebahatisha, mara moja katika tatu. Na mmeona wenyewe hesabu ya Ali na Ali. Wahubiri wetu, wa msikitini na wa kanisani, wamekataza ramli tangu zamani, na katika hilo dini na jaribio vinakubaliana. Lakini nawaomba wahubiri: mkikataza, mkataze pande zote mbili. Mahubiri yanayomkemea mama kwa kwenda kwa mwalimu, na kunyamaza juu ya PDG na mtu wake wa dawa, ni nusu ya mahubiri.

Nimesema mwanzoni kwamba neno hili linaumiza. Sasa nifike penye uzito wake. Mwaka 2021, mwezi wa Septemba, katika jimbo letu hili la Kivu Kusini, wanawake wasiopungua 8 waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, kwa sababu walituhumiwa kuwa wachawi. Waliowataja ni wale wanaoitwa bajakazi, watu wanaojiita watumishi wa Mungu na kusema wanaweza kuona nani mchawi. Wengi wa bajakazi hao nao ni wanawake. Mnaona mduara ulivyofungwa? Mwanamke anatafuta jibu la kesho, anaambiwa adui wako ni mwanamke mwingine, kwa kawaida mzee, mjane, asiye na mtetezi. Na vijana wa kiume ndio wanaochukua mawe na petroli.

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na inasema sheria imwadhibu anayefanya hivyo. Ni kifungu kizuri, na kila nabii anayemshindisha mtoto njaa akijue. Nami nasema ulinzi huo tuupeleke pia kwa bibi. Anayeua kwa sababu ya ndoto ya mtu ni muuaji, na sheria ya kuua haina kipengele cha ndoto. Chifu, mwenyekiti wa mtaa, mama kiongozi: neno la uchawi likianza kusemwa juu ya mjane kijijini kwenu, msingoje. Mchukueni mapema, mumlaze nyumba salama, muwaite vijana muongee nao mchana kweupe.

Kabla ya kuwaaga, nina maombi kwa kila mmoja.

Wenye mashimo wa Misisi na Lubichako, kaeni na akina mama mnaofanya nao kazi. Wapeni hisa, wapeni kiti katika ushirika, na mwanamke anayetaka kushuka shimoni apimwe kwa nguvu na ujuzi kama anavyopimwa mwanaume. Pesa mnayompa mtu wa dawa kabla ya kufungua shimo, nunueni miti ya kushikilia dari na pampu ya maji. Mwaka mmoja tu jaribuni, kisha hesabuni waliorudi nyumbani.

Akina mama, siwatukani kwa kuuliza. Anayelea watoto hawezi kuacha kuifikiria kesho. Lakini pesa ya mwalimu na ya nabii iwekeni kwenye sanduku la likelemba, mchango wetu wa zamu. Likelemba itakupa jibu lenye tarehe: siku fulani zamu yako, utapokea kiasi fulani. Na mkiambiwa kwamba anayewafunga ni mama jirani au mama mkwe, simameni mwondoke. Hapo mmeshauziwa ugomvi.

Vijana wa kiume, mnaomcheka dada yenu kwa kusoma nyota kwenye simu, fungueni mikono yenu tuone mmeshika nini. Kama ni karatasi ya kubeti, kama ni kamba kiunoni, kama ni sharti la kutokula chakula kilichopikwa na mwanamke fulani, basi ninyi na dada yenu mnauliza swali moja. Ketini naye mzungumze. Anajua mengi juu ya hofu yenu kuliko mnavyofikiri, na hofu yake mnaweza kuipunguza ninyi kuliko nyota yoyote: kwa kurudi nyumbani na pesa, kwa kumwuliza anataka kuolewa na nani, kwa kusimama mbele ya bibi yenu siku watu watakapomtaja.

Mwenye mawazo tofauti, mwanaume au mwanamke, kipindi kijacho nitafungua simu, nami nitawasikiliza kwa heshima.